Kwa nini modemu huanza kusikiliza kwa AT

Swali: "Nilifungua faili la kumbukumbu la programu inayoendesha modemu yangu ya USB, ile ya kuweka laini ya simu ya mkononi. Nimekuta mistari kama AT, OK, AT+CSQ, ATD*99#, CONNECT, na mwishoni NO CARRIER. Mwongozo unasema nikitaka kuirudisha kwenye hali ya amri niandike +++ bila kubonyeza Enter, na nikae kimya sekunde moja kabla na sekunde moja baada. Lugha hii ni ya nani, AT ni nini, na hiyo sekunde moja ni ya nini?"

Tuanze na hiyo sekunde, maana ndiyo yenye siri ya mambo mengine.

Chukua mfano wa mtu anayezungumza na mgeni kupitia mkalimani. Kila unalosema, mkalimani analigeuza na kulipeleka upande wa pili. Sasa unataka kumwambia mkalimani mwenyewe, "Tumalize, tuondoke." Atajuaje kwamba hilo unamwambia yeye, na si la kumpelekea mgeni? Modemu, kifaa kinachogeuza data ya kompyuta ili ipite kwenye laini ya simu, iko kwenye taabu hiyohiyo. Ina njia moja tu ya data kutoka kwenye kompyuta. Kwa njia hiyo hupokea maagizo yanayoihusu yenyewe, kama vile piga namba hii au kata simu, na kwa njia hiyohiyo hupokea maneno ya kuvusha kwenda kwa kompyuta nyingine. Karibu kila kitu cha ajabu ulichokiona kwenye faili lako kimetokana na hilo.

Zamani taabu hiyo haikuwepo, kwa kuwa modemu hazikuwa na akili ya kuagizwa. Bell 103, modemu ya AT&T (kampuni ya simu ya Marekani) ya mwaka 1962, ilipitisha biti 300, yaani alama za 0 na 1, kwa sekunde na haikujua kupiga namba. Kisha kwa miaka mingi wenye mtandao wa simu Marekani hawakuruhusu kifaa cha mtu mwingine kuungwa moja kwa moja kwenye laini zao. Uamuzi wa serikali wa mwaka 1968, kuhusu kifaa cha watu wa nje kilichoitwa Carterfone, ulilegeza kamba hiyo, lakini hata baada yake watu wengi waliendelea kutumia vikombe vya mpira: unapiga namba kwa kidole chako, unasikia filimbi ya upande wa pili, unalaza mkono wa simu juu ya vikombe viwili, kimoja kwenye sikio lake na kingine kwenye mdomo wake. Amri ya nini hapo, wakati mpigaji ni wewe? Waliohitaji kompyuta ijipigie yenyewe walinunua kifaa cha pili, kama Bell 801, ambacho kazi yake ilikuwa kupiga namba tu, na kilikuwa na kebo yake peke yake. Yaani mkalimani alipewa masikio mawili.

Dennis Hayes na Dale Heatherington wa Atlanta ndio waliobadilisha mambo. Mwaka 1977 walianza kutengeneza modemu za kadi, za kuchomekwa ndani ya kompyuta ndogo za wakati ule, kwanza za basi la S-100 (mtindo wa tundu la kadi wa kompyuta nyingi za siku hizo), baadaye za Apple II. Kadi ya ndani haina shida ya mkalimani: programu huandika data kwenye anwani moja na maagizo kwenye anwani nyingine. Shida yake ilikuwa sokoni. Kila aina ya kompyuta ilitaka kadi yake na programu yake, na aina za kompyuta zilikuwa zinaongezeka kila kukicha.

Mwaka 1981 wakatoa Smartmodem. Hii ilikuwa boksi la kukaa nje, linalounganishwa kwa poti ya siriali ya RS-232, tundu linalopitisha biti moja baada ya nyingine, ambayo karibu kila kompyuta ilikuwa nayo au ingeweza kuwekewa. Ukiuza boksi la namna hiyo unamuuzia kila mtu. Lakini poti ile ina waya wa kupeleka data, waya wa kupokea, na nyaya chache za ishara. Hakuna waya wa "piga namba". Tena kompyuta nyingine hazikuunganisha hata hizo nyaya za ishara, kwa hiyo hazikutegemewa. Wakaamua kuweka ndani ya modemu chipu yenye kufikiri kidogo, na kuipa hali mbili. Ikiwashwa tu, iko kwenye hali ya amri: unachoandika ni chake. Simu ikiunga, inaingia hali ya data: unachoandika kinavuka.

Sasa AT. Ni herufi mbili za mwanzo za neno la Kiingereza attention, yaani "sikiliza". Haina uhusiano na AT&T, ingawa nimesikia watu wazima wakiapa kwamba ndiko ilikotoka. Kwa nini kila amri ianze nayo, wakati modemu iko tayari kwenye hali ya amri? Kwa sababu modemu haijui kompyuta inaongea kwa kasi gani. Haina skrini wala vitufe vya kuiwekea kasi. Herufi hizo mbili ndizo zinazoipimia.

Kwenye waya wa siriali uliotulia, hali ni 1. Herufi ikianza, waya hushuka kwenda 0 kwa muda wa biti moja, hiyo ndiyo biti ya kuanzia, kisha hufuata biti za herufi, ile ya thamani ndogo ikitangulia. A katika ASCII, orodha inayoipa kila herufi namba yake, ni 65, kwa biti saba 1000001. Ikitumwa kuanzia mwisho, biti yake ya kwanza ni 1. Kwa hiyo modemu inaona waya umeshuka na kupanda tena mara moja, na ule upana wa bonde ni biti moja kamili. Ikiwa ni kama milisekunde 3.3, kompyuta inaongea biti 300 kwa sekunde. Ikiwa ni 0.83 hivi, ni 1200. Modemu inajirekebisha kabla A haijaisha kufika.

Na T? T ni 84, yaani 1010100. Hesabu tarakimu 1 zilizomo: ziko tatu. Kwenye A ziko mbili. Herufi moja ina idadi shufwa, nyingine witiri, na hapo ndipo ujanja ulipo. Kompyuta nyingi za wakati ule ziliongeza biti ya nane ya ukaguzi, pariti, inayofanya jumla ya tarakimu 1 iwe shufwa au witiri, na kila mmoja alikuwa na mtindo wake. Kwa pariti shufwa, A huja na biti ya ukaguzi 0 na T huja na 1. Kwa pariti witiri inageuka: A na 1, T na 0. Zikija zote 0 au zote 1, basi biti hiyo haibebi ukaguzi wowote. Herufi mbili tu, na modemu imeshajua kasi na pariti.

Hapo utaelewa kwa nini modemu za zamani zilikubali AT na at, lakini At zikaikataa. Watu walidhani ni ukorofi wa mtengenezaji. Hesabu mwenyewe: t ndogo ni 1110100, ina tarakimu 1 nne. A ina mbili. Zote shufwa, kwa hiyo biti zao za ukaguzi zinafanana, na modemu haiwezi tena kutofautisha pariti halisi na biti iliyokaa bure. aT nayo ni hivyohivyo, tatu kwa tatu. Mchanganyiko unavunja kipimo.

Baada ya AT zinafuata amri zenyewe, nazo zinabanwa kwenye mstari mmoja bila hata nafasi: ATE1V1S7=60DT na namba, kisha Enter. E ni mwangwi, yaani modemu kukurudishia herufi unazoandika ili uzione, V ni majibu ya maneno badala ya tarakimu, D ni kupiga, T ni kwa milio na P kwa mapigo ya simu za kuzungusha. D lazima iwe ya mwisho, maana inameza kila kinachofuata kama namba. Usipotaja tarakimu, modemu husoma sifuri: ATH ni ATH0, kata simu. Hiyo huwachanganya wanaoanza. Mtu huandika ATE akidhani anawasha mwangwi, kumbe ameuzima, na baada ya hapo haoni anachoandika. Na Z, inayorudisha mipangilio, huifuta pia sehemu ya mstari iliyobaki, hivyo amri ulizoziweka nyuma yake kwenye modemu nyingi hazifanyi kazi kabisa wala hazilalamikiwi.

Mkato ndani ya namba ni kupumua, sekunde mbili kwa kawaida. Uliwasaidia waliokuwa kwenye ofisi zinazotaka upige 9 kwanza kutoka nje: 9, mkato, halafu namba. W husubiri mlio wa laini. @ husubiri kimya. Nuktamkato mwishoni husema: piga, lakini ubaki kwenye hali ya amri. Ikumbuke hiyo nuktamkato, nitairudia. Na iko amri moja isiyotaka AT wala Enter: A/ hurudia mstari uliopita. Ilikuwa faraja ya waliopiga namba iliyo bize usiku kucha.

Mipangilio mingine ilikaa kwenye rejista, yaani vijisanduku vya kumbukumbu vya kushika namba, zinazoanza na S. S0 ni idadi ya miito kabla ya kupokea, sifuri ikimaanisha usipokee. S7 ni sekunde za kusubiri upande wa pili ujibu kwa wimbi lake. S11 ni urefu wa kila mlio wa namba kwa milisekunde, na wasio na subira waliupunguza hadi simu ikawa inapigwa kama mtu anayecheua. Ya hatari ilikuwa S3. Hiyo inashika namba ya herufi inayofunga amri, kwa kawaida 13, yaani Enter. Ukiibadilisha kwa bahati mbaya, Enter yako haina maana tena na modemu inakukodolea macho. Dawa ni kuizima na kuiwasha.

Turudi kwa mkalimani. Ukiwa kwenye hali ya data, unamrudishaje kwako? Hayes, yaani kampuni ya wale wawili, walichagua alama tatu za kujumlisha. Lakini alama hizo zinaweza kuwemo ndani ya faili lolote unalotuma. Jibu la Heatherington lilikuwa kimya. Modemu itazihesabu tu ikiwa kabla yake kulikuwa na sekunde nzima bila herufi, na baada yake sekunde nyingine bila herufi. Faili linalotiririka halinyamazi sekunde nzima, likateremsha alama tatu kamili, likanyamaza tena. Binadamu ndiye anayeweza kufanya hivyo makusudi. Sasa unaona kwa nini Enter imekatazwa kwenye mwongozo wako: Enter nayo ni herufi, inavunja kile kimya cha pili, na modemu inavusha alama zako kwenda upande wa pili kama mazungumzo ya kawaida. Urefu wa kimya uko kwenye S12, kwa vipande vya sehemu ya 50 ya sekunde, kwa hiyo 50 ni sekunde moja.

Ukipata OK baada ya hapo, simu bado haijakatika. Mkalimani amekugeukia tu. Ukiandika ATO anarudi kazini, ukiandika ATH anakata.

Wazo hilo dogo lilipewa hataza ya Marekani mwaka 1985, na Hayes wakaanza kuwadai ada wote waliouza modemu zinazoelewa lugha yao. Amri zenyewe ziliigwa bila kizuizi. Kimya ndicho kilichokuwa na mwenyewe. Baadhi ya washindani walikataa kulipa, kesi ikaenda San Francisco, na mwaka 1991 Hayes wakashinda. Rufaa ya mwaka uliofuata haikuwasaidia walioshindwa. Lakini wengine walikuwa wameshatafuta njia ya pembeni: badala ya kudai kimya, modemu yao ilikubali alama tatu zikifuatwa papo hapo na AT na amri halali, kisha Enter. Waliona hayo yote hayawezi kujitokeza pamoja kwa bahati.

Kwa bahati hayajitokezi. Kwa makusudi yanajitokeza vizuri sana. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watu wengi walipokuwa wakiingia intaneti kwa simu, watundu waligundua kwamba ukituma pakiti ya ping, ujumbe mdogo wa kujaribu kama kompyuta fulani iko hewani, yenye maneno +++ATH0 ndani yake, kompyuta ya mlengwa itairudisha kama ilivyo, ndivyo ping inavyofanya kazi. Katika kurudi, pakiti hiyo inapita kwenye modemu ya mlengwa kutoka upande wa kompyuta yake mwenyewe. Modemu isiyodai kimya inasoma: sikiliza, kata simu. Na inakata. Mtu anatupwa nje ya intaneti kwa maneno aliyoyatamka yeye mwenyewe bila kujua. Kinga ilikuwa ATS2=255. S2 inashika namba ya herufi ya kutorokea, 43 kwa alama ya kujumlisha, na thamani iliyozidi 127 huizima kabisa. Kwa maoni yangu hakuna hukumu ya mahakama iliyothibitisha thamani ya ile sekunde moja kuliko kisa hicho.

Mwangwi nao una visa vyake. Niliwahi kuweka modemu ya kupokea wageni kwenye kompyuta yenye mfumo wa Unix, nikasahau kuzima mwangwi na majibu. Kompyuta ilituma neno la kuomba jina la mtumiaji, modemu ikalirudisha, kompyuta ikalichukua kama jina, ikaomba neno la siri, nalo likarudi. Mashine mbili zilihojiana hadi asubuhi. Tangu hapo upande wa kupokea naanza na E0Q1: E0 huzima mwangwi, Q1 huzima majibu.

Lugha ya Hayes ilienea kuliko Hayes wenyewe, na ilipoenea ikavunjika kuwa lahaja. Amri za asili zilikuwa herufi moja, na herufi zikaisha. Hayes wakaongeza zenye & mbele, Microcom, watengenezaji wengine, wakaleta zao za \ na %, na kila kiwanda kikatia lake. Udhibiti wa mtiririko wa data kwa nyaya, kitu ambacho kila modemu ya kasi inahitaji, ulikuwa &K3 kwenye modemu nyingi zenye chipu za Rockwell. Kwenye U.S. Robotics &K ilikuwa mambo ya kubana data, na mtiririko ulikuwa &H1&R2. Ndiyo maana programu za kupiga simu zilikuja na orodha ndefu za mistari ya kuanzishia, kila modemu na wake, na watu wakirithishana mistari hiyo kama hirizi bila kujua herufi gani inafanya nini.

Herufi moja ya hirizi hizo naiheshimu: X3. Modemu ikiwa X4 husubiri isikie mlio wa laini ndipo ipige. Lakini mlio huo si sauti moja duniani kote, na modemu iliyofundishwa mlio wa Marekani, ikipelekwa nchi nyingine, ilisimama ikisema NO DIALTONE huku wewe unausikia mlio kwa masikio yako. X3 ilimaanisha: usiusubiri, piga tu, ila bize uitambue.

Hayes yenyewe ilifilisika na kufungwa mwanzoni mwa 1999. Lugha ilikuwa imeshaingia kwenye viwango: shirika la kimataifa la mawasiliano liliiweka kwenye V.25ter mwaka 1995, ambayo baadaye ikaitwa V.250. Huko ndiko amri ndefu zenye + mbele zilikopata utaratibu: =? huuliza thamani zinazokubalika, ? peke yake huuliza iliyopo, = huweka mpya. Waliounda GSM, mfumo wa simu za mkononi, wakachukua mtindo huohuo na kuweka C baada ya +. AT+CSQ yako inauliza nguvu ya mawimbi. Ikijibiwa +CSQ: 18,99, zidisha 18 mara mbili na utoe 113, unapata desibeli -77 za miliwati, mawimbi mazuri. Ile 99 inasema kiwango cha makosa hakijulikani.

Na ATD*99#? Modemu yako haina wa kumpigia. Programu za kompyuta zilikuwa zimezoea kupiga, kusubiri CONNECT, kisha kuanza mazungumzo ya intaneti, basi waliounda viwango wakazipa namba ya kupiga. NO CARRIER ni hivyohivyo. Zamani ilimaanisha kwamba ile filimbi ya modemu ya pili imetoweka kwenye laini. Leo hakuna filimbi. Neno lilibaki kumaanisha kikao cha data kimekwisha. Nuktamkato niliyokuambia uikumbuke nayo ipo: kwenye simu za mkononi, ATD na namba ikiishia na nuktamkato ni simu ya sauti. Piga, ila ubaki kwenye hali ya amri, kwani hakuna data ya kuvusha.

Kwa kazi yako, huenda usihitaji +++ hata kidogo. Modemu nyingi za USB hujitokeza kwenye kompyuta kama poti kadhaa za siriali, moja ya data na nyingine ya amri. Fungua ile ya pili kwa programu yoyote ya siriali, andika AT, ukijibiwa OK andika AT+CSQ wakati intaneti inaendelea kwenye ile ya kwanza. Usipojibiwa, jaribu poti inayofuata.